Siku Kasoro Zangu Ziliposomwa Old Kampala

Mpaka leo nikiwa na shughuli Old Kampala naona heri nizunguke njia ya chini kuliko kukutana uso kwa uso na mmoja wa akina mama waliokuwa sebuleni kwa Bi Zuhura siku ile, maana wanajua mambo yangu ambayo hata mama aliyenizaa kule Bungoma hayajui, na aliyewafungulia mlango ni mimi mwenyewe.

Bi Zuhura ni mshenga, kazi aliyoirithi kwa mama yake, na ana sharti moja: kila anayetafuta mke au mume aandike kasoro yake moja ya kweli, si zile za kujisifu (“nafanya kazi kupita kiasi”), bali ile anayoificha. Kasoro hizo zilikaa kwenye madaftari kabatini kwake, hakuna aliyezigusa, hadi aliponiita mimi Wafula nimtengenezee mfumo wa mtandaoni, ambamo ukurasa wa waombaji utaonekana na yeye na mpwa wake Rukia tu, wakishaingia kwa neno la siri.

“Kasoro moja ikitoka nje, mwanangu,” aliniambia, “hakuna atakayeniamini tena na binti yake.”

Nikauandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na mbele ya kurasa zote nikaweka filta, kipande cha programu kinachosimama kama askari wa getini: hujaingia kwa jina lako, anakurudisha kwenye ukurasa wa kuingilia. Jumamosi Bi Zuhura akaalika familia zije kuuona mfumo. Saa tatu asubuhi, nikiwa bado kwangu Namuwongo, Rukia akanipigia.

“Kaka Wafula, ukurasa unazunguka tu, haufunguki!”

Nikajua papo hapo. Askari wangu alikuwa anazuia hata ukurasa wa kuingilia wenyewe, kwa hiyo anayetaka kuingia anatumwa pale, akifika anazuiwa, anatumwa palepale, anazuiwa tena. Ningesema tuahirishe. Lakini boda niliyemwita alikuwa nje anapiga honi, nami nikauruhusu ule ukurasa haraka haraka, na katika papara hiyo (sijui nani alinituma) nikafupisha na swali la askari: badala ya kuuliza “huyu ni nani?”, aulize tu “huyu ana kikao?”, yaani ile kumbukumbu ambayo seva humfungulia mgeni. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu, ikafunguka vizuri (ingeachaje kufunguka, na mimi nilikuwa nimeingia tangu jana yake?), nikampigia Rukia.

“Imepona. Ingiza faili zote za waombaji kutoka kwenye madaftari kabla wageni hawajafika.”

“Haya.”

Nilipofika sebule ilikuwa imejaa, akina mama kwenye makochi, wazee wawili karibu na mlango, harufu ya sambusa kila pembe. Nikasimama na shati langu la pasi nikatamka maneno ambayo ningelipa chochote nisiwe nimeyatamka: “Asiye na neno la siri hataona hata herufi moja. Jaribuni kwa simu zenu!”

Wakajaribu. Sikujua kwamba Bi Zuhura alikuwa ameshawatumia anwani kwenye WhatsApp, na anwani aliyoinakili ilikuwa ya ukurasa wa waombaji.

“Ssebo, mimi naona,” akasema Mama Hadija, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kawempe, akiniita bwana kwa Kiganda.

“Unaona ukurasa wa kuingilia, mama.”

“Hapana, naona mutu. Na kasoro yake iko hapa.”

Bi Zuhura alinitazama, na ushungi wake ukateleza begani asiurudishe. Ndipo nilipokumbuka (akili huja baada ya ajali) kwamba Java ukiiomba kikao kwa ile amri ya kawaida, na mgeni hana, haisemi hana. Inamfungulia kipya hapohapo. Askari wangu alikuwa anauliza “una kitambulisho?” huku anamchapishia kila anayepita.

Mama Hadija naye alikuwa ameshaanza kusoma kwa sauti. “Anasema anadanganya mama yake ati anajipikia, kumbe anakula rolex, ile chapati ya mayai ya kando ya barabara, asubuhi na jioni. Tena anaogopa kuku! Akiona kuku, yeye anavuka barabara! Bambi, maskini, nani huyu?”

“Jina lipo?” akauliza mzee mmoja.

“Wafula.”

Sebule nzima ikanigeukia. Ilikuwa faili niliyojiandikia mwenyewe kwa majaribio, nikicheka peke yangu, nikijua haitasomwa na mtu.

“Endelea, mama,” nikasema. “Wa pili ni nani?”

“Wa pili hakuna. Ni wewe tu.”

Nikamgeukia Rukia. “Si nilikwambia uingize faili?”

“Na sambusa zilikuwa motoni,” akajibu, sinia mkononi. “Ningeandika kwa mguu?”

Nilitaka kumkumbatia pamoja na sinia lake. Nikakaa chini palepale kwenye mkeka, wakicheka, nami nikacheka nao, maana kuchekwa peke yangu kulikuwa kuzuri zaidi kuliko kilichokuwa kikinijia.

Bi Zuhura akarudisha ushungi wake. “Kasoro yako si kuku, Wafula,” akasema polepole. “Unajitungia mtihani, unaufanya, unajisahihishia. Nenda ukatengeneze.”

Nikatengeneza. Sasa askari haulizi kama kuna kikao, anauliza ndani yake mna jina la nani, na kama halimo, rudi. Nami nimeapa: mlango wowote nitakaoufunga, sitausifu mpaka mtu mwingine, kwa simu yake, ausukume usifunguke. Kabla Rukia hajaingiza hata faili moja nilimpigia Mama Hadija, nikamsomea anwani ile ile, nikangoja huku namsikia akibonyeza na kuguna.

“Inanikataa, ssebo,” akalalamika. “Nimejaribu mara tatu, inanikataa!”

“Jaribu tena, mama,” nikamwambia, nikakaa kusikiliza.