Simu za Majirani

Wiki iliyopita, kwenye duka la vifaa vya sola, nilisikia inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri, ikilia nikaganda mlangoni. Ulikuwa ule mlio wa betri inayokwisha, niliousikia mchana mmoja kwetu Lodwar.

Stima ilikuwa imepotea siku kadhaa. Sebule ilinuka tindikali ya betri na samaki wakavu, na simu za majirani zilijaa sakafuni zikichajiwa kwa betri yetu ya sola, wenyewe wameketi wakizingoja, kwa sababu kwetu mwenye kitu hamwambii jirani hapana.

"Mama Akiru, betri yako ni ngamia," jirani yetu Mama Ekai alimtania mama. "Haisikii kiu."

Kisha kifua cha Akiru, dada yangu mdogo, kikabana kwa pumu. Mama alimwashia mashine ya kuvuta dawa, na papo hapo inveta ikaanza kulia. Alichomoa simu zote, hata ya Mama Ekai, aliyekuwa akingoja kupigiwa na mumewe kutoka Kakuma.

"Tokeni, hewa ipite," akasema.

Walitoka bila neno, wakaketi kivulini kando ya ukuta. Niliona aibu. Niliamini tumewafukuza na hawatarudi tena, nikawachungulia dirishani nikitafuta uso uliokasirika, badala ya kumwangalia dada yangu.

Mashine ilizimika kabla dawa haijaisha. Mama Ekai akauliza dirishani, kwa sauti ya chini, "Anapumua?"

Mama aliweka sikio kifuani mwa Akiru, akakaa hivyo muda mrefu.

"Anapumua."

Nje, wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Sasa najua hawakuwa wamenuna. Walikuwa wakimsikiliza Akiru akipumua.