Kompyuta Iliyozimika Saa Nne

Kila siku, ilipokaribia saa nne asubuhi, kompyuta ya ofisi yetu ilizimika. Haikutoa onyo. Skrini iliingia giza, feni ikanyamaza, na kurasa za mtihani nilizokuwa nimepiga chapa tangu asubuhi zikaenda na maji. Mara ya kwanza nilipiga yowe hadi wasichana wa kidato cha pili wakaja kuchungulia dirishani.

Nilikuwa karani wa shule ya wasichana karibu na Mbumbuni, miaka ya tisini, na kompyuta hiyo ilikuwa ya kwanza pale shuleni. Mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuigusa, kwa sababu nilikuwa nimefanya kozi ya wiki sita Machakos, na nilihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo.

Saa nne ilikuwa saa ya chai. Chai ilipikwa chumba cha pili na mama mmoja mjane, mwimbaji wa kwaya katika kanisa letu, kwa ile hita ya kutumbukiza majini. Nikajumlisha haraka: hita inawashwa, kompyuta inazimika. Nikamshtaki kwa mwalimu mkuu. Mama akaagizwa apikie nje, kwa jiko la makaa, naye akatii. Kompyuta ikaendelea kuzimika vile vile.

"Bado anatumia hita," nikasema. "Anajificha tu."

Ijumaa mwalimu mkuu akamwita mbele ya walimu wote. Kama sisi sote, alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, sema ukweli. Leo umechomeka hiyo kitu?"

"Naapa kwa Mungu, mwalimu, nimepika na makaa. Si mkuje muone majivu?"

Hakuna aliyekwenda kuona. Nilikuwa nimekaa pale, daftari mapajani, nikiandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko wangu mzuri. Akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani na kutoka.

Jumatatu akaja fundi kutoka Machakos, maana alikuwa ameitwa tangu wiki iliyotangulia. Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Nilimweleza fundi habari za hita kama mtu aliyekwisha kumaliza kesi.

"Na taa ya hii ofisi huwa inazima pamoja na mashine?" akaniuliza.

Nikatazama juu. Taa haikuwahi hata kufifia, na kama hita ndiyo iliyokuwa ikikata umeme, nayo ingezimika. Wiki nzima ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu, na sikuwahi kujiuliza.

Akabadilisha waya, akaihamishia mashine soketi nyingine, kisha akaketi akaniambia nifanye kazi kama kawaida. Nikafanya. Ilipokaribia saa nne, giza. Jiko lilikuwa baridi, hita imefungiwa kabatini, na walimu walikuwa wakinywa maji.

Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio, viti, televisheni kwa aliyenayo, vyote huvishwa vitambaa vya kufuma. Kompyuta ningeiachaje, na vumbi letu jekundu? Nilikuwa nimeifumia kitambaa cha njano na nyeupe kilichoning'inia hadi nyuma, na chini yake nikaweka nailoni. Skrini niliiacha wazi nipate kusoma, lakini lile sanduku lenyewe lilivaa mchana kutwa.

Fundi alikiinua kitambaa kwa vidole viwili. "Hebu weka mkono hapa nyuma."

Niliuweka na kuuondoa mbio, nikijipuliza vidole.

"Hii feni inatoa joto nje, na wewe umeifunika blanketi. Ukiiwasha asubuhi, kufikia saa nne imepata moto sana, inajizima ndio isiungue. Kikulacho ki nguoni mwako, madam." Akacheka. Mimi nilikivua kitambaa, nikakikunja.

Tangu hapo kompyuta haikuzimika tena. Jumatano mwalimu mkuu akarudi, akasimama mlangoni pangu akitabasamu.

"Unaona? Tangu yule mama aende, mashine imetulia."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. Hadi leo siamini kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Jumapili kwaya iliimba bila yeye. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba anayeapa uongo kwa jina la Mungu hafai kusimama mbele za watu. Alasiri nikafunga safari hadi kwake. Nilimkuta uani akichagua ndengu kwenye ungo. Hakusimama kunisalimia, ila alinisogezea kiti. Nikamwambia yote, huku nalia. Nilitarajia anitukane au anisamehe, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Mwalimu mkuu amejua?" akauliza.

"Bado, mwaitu."

"Na walimu?"

"Bado."

"Na leo kanisani, uliwaambia?"

Nikatikisa kichwa.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Mimi nilikuwa najua sikudanganya," akasema. "Haukuwa na haja ya kukuja kuniambia mimi. Twende kwa mwalimu."

Ulikuwa mwendo wa saa nzima kwenye jua kali, yeye mbele, mimi nyuma, na njia yote nilimwomba Mungu tumkose nyumbani. Tulimkuta amekaa mlangoni. Mama akasogea kando, akanipisha mbele.