Siku Ukungu Uliponishindia Dau

Watu wa Magamba, kijijini kwetu mlimani, walisema sitafika popote. Mtoto mwenye mdomo mkubwa namna hii, walisema, ataishia Mombo akipiga soga stesheni. Leo diploma yangu iko ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, na anayebisha aje aisome. Nitampa na kiti. Lakini juzi watoto wa jirani walikuwa wakipaka mafuta ya nyonyo kwenye magurudumu ya baiskeli yao ya mbao, na ile harufu nzito ikanivua usomi wote. Nikawa tena na miaka kumi, enzi za Mwingereza, nikibishana na Saidi.

Saidi alikuwa mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Unguja. Shangazi alipolazwa hospitali, Saidi aliletwa kwetu, katikati ya msimu wa baridi, akiwa na kanzu nyepesi na maneno mengi.

“Kwetu sie bahari haina kiingilio,” alisema akitetemeka kando ya moto. “Waogelea, waokota makombe, warudi. Huku kwenu mna nini zaidi ya baridi?”

“Tuna kila kitu, na vyote bure!”

“Haya, nionyeshe. Nikikiri kwenu kuzuri, umeshinda. Ijumaa ikifika sijakiri, hiyo baiskeli yako ya mbao ni yangu.”

Ndugu msomaji, baiskeli ile niliichonga miezi miwili kwa panga la baba. Haikuwa na pedali wala breki, ilijua kuteremka tu, lakini mlima mzima haukuwa na mwenzake. Nikakubali dau kabla hajameza mate.

Jumanne tuliteleza kwa gogo la mgomba kwenye mteremko wenye tope. Gogo lilibaki katikati, Saidi akafika chini peke yake. “Mawimbi ya kwetu hayachani kanzu,” akasema akijikagua nyuma. Jumatano nilimpeleka msituni kuona mbega, wale kima wa manyoya marefu, juu ya miti. Tuliwaona. Mmoja akamkojolea kichwani. Nikamwambia ni baraka, hakuafiki. Kwenye maporomoko ya maji alitia kidole kimoja cha mguu, akaruka akimwita mama yake, nami nikacheka mpaka nikakaa chini.

Ilibaki Alhamisi, na kitu kimoja tu: ule ukingo ambapo ardhi inakatika ghafla na kuonyesha tambarare yote, mashamba ya mkonge na treni ikitambaa kama jongoo. Hata Wazungu walipanda na magari yao kuja kupatazama. Bibi akanionya, “Mlima hauonyeshwi, mwanangu. Mlima hujionyesha ukipenda.” Lakini mwenye dau hana masikio. Nilimwamsha Saidi alfajiri, tukaondoka tukitafuna viazi vya jana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la aibu kwa Mshambaa. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba msimu wa baridi tambarare haifunuki mpaka jua lipande. Tulipofika, chini yetu palikuwa na ukungu mtupu, mweupe, mpaka upeo wa macho.

Nikaanza kusema hivyohivyo. “Pale ni Mombo. Pale inapita treni. Na pale…”

“Wapi?”

“Hapo. Chini.”

Nikasubiri anicheke. Baiskeli nilishaiaga moyoni. Lakini Saidi alikaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa ukisogea polepole, ukipanda kwenye miamba na kurudi nyuma, na vilele vichache vimechomoza kama visiwa.

“Umeshinda,” akasema kwa sauti ndogo. “Kwenu kuzuri.”

Uso wake ulikuwa umelowa. Nikadhani ni umande. Nikashuka nikiimba, nikimtangazia kila niliyekutana naye, mbuzi wakiwemo. Saidi alinifuata, akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Baadaye shangazi alipona, na Saidi akarudi kwao.

Kwa miaka mingi niliamini nimeshinda kihalali. Kisha nikaenda ng'ambo kusoma, na wiki ile nilipopata barua kwamba mama ni mgonjwa, mwenzangu mmoja wa chuoni akanichukua kunionyesha mlima wao. Ulikuwa mlima ambao kwetu ungelimwa kabla ya chai. Mwenyeji wangu akahubiri weee, kisha akaniuliza kama si mzuri kupita yote niliyowahi kuona.

Mimi, nisiyekubali kushindwa na mtu, nikamwambia ndiyo, kweli, ni mzuri kupita yote. Nilitaka tu anyamaze, niutazame, kama Saidi na ile bahari yake ya ukungu.