Tulitundika bendera ya Israel kuwakaribisha Wayahudi, mmoja akakataa kuingia

Wakuu, habari za jioni. Haya niliyaona mwenyewe huku Mbozi, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, upande wa Isansa. Msimu huu walikuja wanunuzi wawili kutoka Ulaya, mjomba na mpwa wake, Wayahudi. Wakiipenda kahawa yetu wanabeba yote. Wakiikataa, tunarudi kwa walanguzi.

Sisi wengi ni watu wa kanisa. Mama Nzunda, mhazini, akaazima bendera ya Israel kwenye kikundi chake cha maombi, tukaitundika kwa heshima mlangoni pa chumba cha kuonjea kahawa.

Mpwa alipoiona akatabasamu. Mjomba, mzee wa ndevu na kofia nyeusi, akabaki uani. Haingii.

"Katibu," mwenyekiti akanigeukia, "si wewe unayetusomesha habari za Wayahudi kila siku? Hili hukulijua?"

Nilijua kwa kusoma: wapo Wazayuni, wanaoiunga mkono dola ya Israel, wapo wanaoipinga kwa sababu ya dini, wapo wanaoipinga kwa ajili ya haki za Wapalestina. Ila sikuwaza kuwakuta kwenye gari moja.

Mpwa amewahi kuishi Arusha, Kiswahili anacho. Akamsikiliza mzee, akatutafsiria:

"Mjomba anasema Mungu ndiye aliyetutawanya, na Mungu ndiye atakayeturudisha, kwa mkono wa Masihi. Dola ya siasa na bunduki siyo ile ahadi. Tena anasema pale palikuwa na watu wanaishi."

Kisha akasema la kwake.

"Hayo ni yake. Mimi nasema hivi: bibi yangu, mama mzazi wa huyu mjomba, alibisha hodi nchi nyingi wakati ndugu zake wanauawa. Hawakumfungulia. Tungebisha hodi mpaka lini?"

Wakuu, oneni hapo. Hoja ya mjomba, anayoipinga, mpwa aliitoa nzima, kwa nguvu zote, kama wakili wa mzee.

"Sasa baba, bendera tuitoe au tuiache?" Mama Nzunda akamuuliza mpwa.

"Iacheni, mama. Toeni meza." Akashika upande mmoja mwenyewe. "Siwezi kuonja ndani, mjomba akiwa nje."

Tukapanga vikombe uani, kando ya vichanja vya kuanikia. Mzee akavuta kijiko cha kwanza kwa kelele, kama waonjaji wa kahawa wafanyavyo, akamsogezea mpwa kikombe kile kile. Wakatazamana, wakacheka.

Kahawa yote wakachukua.

Siku hizi mtu akiniambia "Wayahudi wanataka hivi," namuuliza: wepi?

Nawe mkuu, ungeweza kumsemea unayempinga, mbele za watu, bila kumpunguzia neno? Nijibuni kwa ukweli, matusi tuyaache.