Matone ya Fundi Mota

Mtihani wa famakolojia, somo la dawa, nilianguka mara ya kwanza. Wenzangu walipokwenda likizo, mimi na wengine wanne tulibaki chuoni kungoja sapu, yaani mtihani wa marudio, na mada iliyotuangusha wote ilikuwa moja: dawa zinazogusa neva zinazojiendesha zenyewe. Ni neva zile zinazodundisha moyo na kutoa jasho bila mtu kuziamuru, zinazotanua mboni gizani na kubana au kufungua njia za hewa.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mfupi asiyependa mzaha. Alituambia neva hizo zina pande mbili. Upande mmoja ni wa mbio: ukikoswakoswa na pikipiki, ndio unaokimbiza moyo na kufungua kifua upate hewa. Upande wa pili ni wa mapumziko: unatuliza moyo, unaleta mate, unasaga chakula, na njia za hewa unazibana kidogo. Dawa zote za mada ile ama zinausukuma upande mmoja, ama zinauzuia.

“Jina la dawa likiishia na -olol,” alisema, “muulize mgonjwa kama ana pumu kabla hujampa. Dawa hizo zinazuia upande wa mbio. Moyo utatulia, sawa, lakini mwenye pumu unaweza kumfunga kifua.”

Darasa likacheka kwa vile neno lile lilivyosikika mdomoni mwake. Yeye hakucheka. Sapu nilipita, kwa alama ambazo sikumwonyesha mtu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nesi katika zahanati ndogo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, chini ya ghorofa lenye maduka ya vitambaa. Mwenye zahanati alikuwa daktari mwanamke, Mhindi, aliyezaliwa mtaa huohuo na kukulia juu ya duka la baba yake. Sari alivaa siku za sikukuu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kunishinda mimi niliyetoka mkoani, na wapagazi wakiegesha mikokoteni mlangoni petu, yeye ndiye aliyetoka kuwafokea.

Hapo ndipo nilipomfahamu mzee mmoja fundi wa kusuka mota. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Gerezani, katikati ya maduka ya spea. Walimletea mota zilizoungua za pampu, feni na mashine za kusaga. Alifumua waya wa zamani, akasuka mpya, mwingine mwembamba kama unywele, akaufunga kwa uzi, kisha akaichovya mota kwenye vanishi yenye harufu kali na kuianika ikauke. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, kofia haimtoki kichwani. Alikuja na binti yake, anayeuza vyombo vya plastiki sokoni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kifua kinanibana.”

Sikuhitaji hata kifaa cha kusikilizia. Alipotoa pumzi, kifua kililia kama filimbi.

“Una pumu?”

“Utotoni. Ilikwisha kabla sijaoa.”

“Kuna dawa yoyote unayotumia kwa sasa?”

“Situmii.”

Nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wangu mzuri: Hatumii dawa yoyote. Tukamwekea salbutamol kwenye mashine ya mvuke. Ni dawa inayousukuma upande wa mbio ili kifua kifunguke, na kawaida mgonjwa anaanza kupata nafuu mtu akiwa bado anamwangalia. Yeye alipata nafuu kidogo. Daktari alimuuliza kuhusu kazi yake, akasikia vanishi, akatingisha kichwa.

“Hiyo vanishi ndiyo adui yako, mzee. Vaa barakoa, na mota ukaanikie nje.”

Akampa dawa ya kuvuta ya kwenda nayo nyumbani. Wiki mbili baadaye wakarudi na shida ileile, na mimi nikarudia swali lilelile na kuandika jibu lilelile. Kisha ukaingia Ramadhani na hatukumwona. Nikadhani barakoa imesaidia.

Idi ilipopita, asubuhi moja tukiwa ndio kwanza tumefungua, binti alimleta amemshika kwapani. Walishuka kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani, na ule mwendo mfupi ulimchukua mzee karibu nusu saa. Sasa hakuweza kumaliza sentensi. “Nesi,” alisema, akapumua. “Leo,” akapumua, “siwezi.” Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Nilimfungulia oksijeni, nikamwekea mashine ya mvuke. Daktari alikuja, akamchoma sindano ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, akaagiza gari la kumpeleka hospitali kubwa liwe tayari. Akaitwa chumba cha pili kwa mtoto mwenye degedege, akaniachia mzee.

Dozi ya kwanza iliisha, kifua bado. Nikaweka ya pili. Nilipotazama kifaa kile kinachobana kidole, nikaona mapigo ya moyo hamsini na mbili. Nikadhani kifaa kimeharibika, nikamshika mkono na kuhesabu mwenyewe dakika nzima, macho kwenye saa ya ukutani. Hamsini na mbili.

Hilo halikuwa sawa. Mtu anayepigania pumzi moyo wake hukimbia, na salbutamol yenyewe huukimbiza zaidi. Wagonjwa wengine wakitoka kwenye mashine ile mikono inawatetemeka. Huyu moyo wake ulikwenda taratibu kama wa mtu aliyelala baada ya ubwabwa wa mchana. Nilianza kuogopa, maana nilikuwa na kitu mbele yangu ambacho sikukielewa na mzee alikuwa anachoka.

Nikamgeukia binti. “Dada, ana dawa yoyote anayotumia? Hata ya kienyeji?”

“Hana, sista. Hiyo ya kuvuta tu mliyompa. Na mimi nashangaa, Ramadhani nzima alikuwa mzima. Hata kukohoa hakukohoa.”

“Si karakana ilifungwa?”

“Wapi! Ramadhani ndiyo walimjazia mafeni. Alisuka mpaka alasiri kila siku.”

Basi haikuwa vanishi. Vanishi aliivuta mwezi mzima na hakupata lolote.

“Sasa Ramadhani kitu gani alikiacha?” Nilikuwa nawaza sigara.

Binti akafikiri. “Alichoacha... kahawa ya mchana, kama kila mtu. Na yale maji yake ya macho. Alisema yakishuka kooni yanafunguza saumu, akasema bora ayaache kabisa mpaka Idi.”

“Maji gani ya macho?”

“Ya presha ya macho. Alipewa kliniki, kabla hata hatujaja hapa kwenu mara ya kwanza.”

Aliingiza mkono mfukoni mwa shati la baba yake, akatoa chupa ndogo yenye kifuniko cha njano. Maandishi yalikuwa madogo. Niliisogeza dirishani nikasoma: timolol. Nikazisoma tena silabi za mwisho, nikamsikia yule mama mfupi kama yuko nyuma yangu.

Nilikimbia chumba cha pili. Daktari alikuwa amemshika mtoto, degedege limekwishatulia. Nikamwonyesha chupa. Alishusha miwani kutoka kichwani, akasoma, akanitazama.

“Kadi yake imeandikwa hatumii dawa.”

“Ndiyo, dokta. Niliandika mimi.”

“Na mimi nikasaini. Twende. Weka ipratropium kwenye mashine, sasa hivi.”

Nieleze hapa kilichokuwa kinatokea, kwa sababu siku ile mimi mwenyewe nilikielewa kipandekipande. Tone la jichoni halibaki jichoni. Lina njia nyembamba ya kushukia puani, ndiyo maana mtu akidondoshea dawa jicho husikia uchungu kooni. Kutoka puani dawa inaingia kwenye damu, inafika moyoni na mapafuni. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mwenye pumu, hata kama ililala miaka arobaini, tone lile linatosha kuuzuia upande wa mbio. Salbutamol tuliyompa ilikuwa inakuta pahala pake pamekwishakaliwa. Ipratropium haipiti huko. Inaenda upande wa pili, ule wa mapumziko unaobana njia za hewa, na kuuzuia usibane.

Nilikaa kwenye stuli mbele yake nikitazama mabega. Mtu aliyebanwa hupumulia mabega. Dakika kumi, hakuna kitu. Ilipokaribia nusu saa mabega yakaanza kushuka. Kisha akaisogeza barakoa ya mvuke pembeni na kusema sentensi nzima ya kwanza tangu afike:

“Binti yangu hajafungua meza yake mpaka saa hizi.”

Binti akaanza kulia. Gari la hospitali tuliliambia lisubiri, na mwishowe halikuhitajika.

Mchana, alipokuwa amekaa vizuri na chai mkononi, daktari alimwonyesha ile chupa. “Mzee, hii ndiyo inayokufunga kifua. Usidondoshee tena.”

Nilidhani atafurahi. Mzee aliweka kikombe chini.

“Hiyo siachi.”

“Itakuua.”

“Pumzi nikikosa nakuja hapa mnaniwekea mashine. Macho nikikosa mtaniwekea nini? Mimi nasuka waya, dokta. Jicho la kushoto limekwishaanza kuniaga.”

Daktari aliisoma tena ile chupa. Nikauliza mimi, kwa sauti iliyokuwa na ukali kidogo kuliko nilivyotaka: “Kule kliniki hawakukuuliza kama una pumu?”

Alitazama sakafu. “Waliniuliza. Nikasema sina.”

“Baba!” Binti alisimama.

“Niliogopa watanirudisha mikono mitupu. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliwaambia ana sukari, wakamwambia aende, arudi siku nyingine. Nikajisemea, pumu yenyewe ya utotoni.”

“Na sisi je?” nikasema. “Nilikuuliza mara mbili kama unatumia dawa.”

“Wewe uliuliza dawa, mwanangu. Hayo ni maji ya macho.”

Hakuwa ananidanganya. Kwake dawa ni kitu unachomeza au unachomwa. Hasira yangu ilikwisha pale pale, nikabaki na aibu.

Daktari alivuta kiti akakaa usawa wa macho yake, kitu ambacho sikumwona akikifanya mara nyingi. “Mzee, nisikilize. Za presha ya macho ziko aina nyingi. Hakuna atakayekuacha bila dawa. Nakuandikia barua, na nawapigia simu sasa hivi ukisikia.” Akapiga, akaweka spika. Wakakubali kumwona kesho yake.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko na binti alikuwa na mzigo wa kupokea, basi nikampeleka mimi kliniki ya macho, upande wa Posta. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Aliniomba nimweleze, nikamweleza zile pande mbili kama nilivyofundishwa. Alisikiliza, vidole vyake vikisokota uzi usiokuwepo.

“Na vyote hivyo vinafanya kazi bila mtu kuviwasha?”

“Bila mtu kuviwasha.”

“Subhanallah,” akasema, akaendelea kusokota mpaka tukaitwa.

Daktari wa macho alikuwa kijana. Mzee alimwambia ukweli kabla hajaulizwa. Akabadilishiwa dawa, tone moja kila jioni, na akaonyeshwa namna ya kubonyeza kona ya ndani ya jicho baada ya kudondoshea, dawa isikimbilie puani. Chupa ambayo haijafunguliwa ilitakiwa ikae kwenye friji. Hakuwa na friji nyumbani wala karakanani, ingawa mota za friji za watu zilijaa mpaka mlangoni. Akaiweka kwenye friji ya muuza juisi wa jirani.

Ile kadi nilitaka kuitupa niandike mpya. Daktari wetu alikataa, akasema niandike chini yake kilichogundulika, na ya juu ibaki. Tangu hapo mgonjwa simuulizi kama anatumia dawa. Namuuliza anameza nini, anapaka nini, anavuta nini, anadondoshea nini. Inachukua muda na wengine wananuna.

Mzee alirudi baada ya miezi kama mitatu, peke yake, kwa miguu. Kifua kilikuwa kimya. Jicho la kushoto halikurudi lilivyokuwa. Waya mwembamba alikuwa anausuka kwa jicho la kulia na kwa ncha za vidole, na kazi ndogo kabisa amezikataa. Lakini alikuwa na jambo moja la kuuliza, na aliliuliza kwa sauti ya chini huku akichungulia mlangoni asisikike.

“Nesi, hii dawa mpya inaotesha kope?”

Nikamsogelea. Kweli, kope zilikuwa zimerefuka na kuwa nyeusi, zimepinda kwa juu. Nikamwambia ndiyo, inajulikana kufanya hivyo, haina madhara.

“Mke wangu anasema napaka wanja nikienda Gerezani.”

Daktari alisikia kutoka chumbani kwake, akacheka mpaka tukamsikia anakohoa.