Golikipa Mbele

Kaka yangu ni fundi redio, na kwenye redio simpingi. Tunakosana kwenye ile kompyuta yake ya zamani. Iko chumba cha nyuma ya karakana, skrini yake ina kisogo kikubwa, na ndani yake mna mchezo mmoja tu, wa kufundisha timu za mpira. Mpira wenyewe huchezi. Unapanga kikosi, unabonyeza, unasoma matokeo. Nilishamwambia kwamba hata kukunja nguo kuna raha zaidi.

Aliuanza na kaka yetu mkubwa, tuliyemwita Mrefu, wakiwa bado wanavaa kaptura za shule. Kila mmoja na timu yake na kiti chake, wakibonyeza kwa zamu, mpaka wakaota mvi. Miaka mitatu iliyopita Mrefu alifariki, na Fundi hakulifuta jina lake. Zamu ya marehemu ikifika, hubonyeza tu kitufe cha kuendelea, bila kugusa kikosi. Kiti cha Mrefu hakikaliwi. Nikipeleka chai nasimama wima, kama mdai.

Shida ni kwamba wachezaji wa mle nao huzeeka. Timu ya Mrefu ikakosa wa kuipanga, ikashuka mpaka mkiani. Na mchezo ule hauna huruma: msimu ukiisha, mwalimu aliyeshika mkia hufukuzwa na jina lake hufutika. Jumapili moja mchana ilibaki mechi ya mwisho, na ilikuwa baina ya timu zao wenyewe. Mrefu asiposhinda, ndiyo basi tena.

Nikamwambia Fundi ampangie yeye.

"Siwezi kugusa timu ya mtu," akasema.

Akaiharibu ya kwake. Akamtoa golikipa langoni akampeleka mbele kufunga magoli, na mshambuliaji akamweka golini. Nilipoona hivyo machozi yakanilengalenga. Utotoni, Fundi alipougua homa, ndivyo Mrefu alivyoipanga timu yake ili mgonjwa ashinde afurahi. Alikana miaka yote, akaja kukiri kitandani hospitalini, tukiwa naye sisi wawili tu.

Fundi akamaliza zamu yake. Ikaja ya Mrefu, akabonyeza kuendelea kama kawaida. Vikosi vyote viwili vikatokea kwenye skrini, na mkono wake ukaganda juu ya kibodi. Kwenye timu ya Mrefu, golikipa alikuwa mbele. Langoni alisimama mshambuliaji.

Nilikuwa palepale, na trei yangu mkononi. Fundi hakugusa kikosi kile, na mimi mashine yenyewe hata kuiwasha sijui. Nikataka kuchomoa waya ukutani, akanishika mkono.

Tukasoma dakika moja baada ya nyingine. Golikipa huyu kapaisha. Golikipa yule kapaisha. Feni ya kompyuta ilikuwa inakoroma. Mechi ikaisha bila bila. Jina la Mrefu likatoweka, mahali pake pakabaki patupu.

"Alikuwa ananiachia nishinde," Fundi akasema. "Kama zamani." Akaondoa mkono kwenye kibodi. "Nimemchosha, mdogo wangu. Miaka mitatu namng'ang'ania, na mwenyewe anataka kwenda."

Akalia. Na mimi, niliyekuwa nikimcheka na mchezo wake, nikalia kuliko yeye. Alipotulia akakisukuma kile kiti cha pili kwa mguu, kikanifikia. Akaniambia nikae ninywe chai, miguu si chuma.

Nikakaa. Jua halifiki kwenye kona ile hata siku moja, lakini kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Fundi sikumwambia. Nilikaa hapohapo, sikusogea, mpaka kikapoa.