Laini ya Merina

Saa saba mchana Egidius alikuwa amebakiwa na saa tatu tu za kulinunua shamba, na pesa ya kulinunulia ilikuwa imekwama kwenye simu ya marehemu mkewe.

Shamba lenyewe liko Kiberege, ekari tatu za udongo mweusi unaoshika maji mpaka mpunga unajisikia nyumbani. Egidius alikuwa analikodi kwa mwaka wa kumi na moja, na kila msimu alimpelekea mwenyewe, Mzee Pantaleo, kodi yake kabla mvua hazijaanza. Sasa Pantaleo alikuwa anauza. Kwa heshima ya miaka hiyo alimpa Egidius nafasi ya kwanza, lakini mfanyabiashara mmoja kutoka Kidatu alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, mkoba wa fedha mapajani.

"Saa kumi, mzee mwenzangu," Pantaleo alisema. "Ikipita hapo usinilaumu."

Pesa ilikuwa imetoka Kigali, kwa binti yake mkubwa, Levina, anayefundisha Kiswahili kwenye shule moja ya binafsi huko. Miaka mitano Levina alikuwa amepanga chumba kimoja na mwalimu mwenzake, anakula maharage na viazi, viatu vya kufundishia jozi moja, ili baba yake aache kulima shamba la watu. Aliposikia shamba linauzwa alikomba akiba yake yote akaituma. Ikaingia salama. Ujumbe ulikuwepo kwenye simu, kila sifuri mahali pake.

Utauliza, kwa nini itumwe kwenye laini ya marehemu? Hapa mzee wetu anastahili kusemwa kidogo. Siku zile za kusajili laini kwa alama za vidole, vidole vya Egidius viligoma. Jembe lilikuwa limekula mistari yote. Alikandamiza kile kioo mpaka kijana wa usajili akachoka yeye. Kidole cha mkewe, Merina, kilisomeka mara moja, na Merina akamcheka njia nzima mpaka nyumbani Kibaoni. Basi nyumba ikawa na laini moja, ya mama. Merina alipofariki mwaka juzi, binti mdogo, Dorika, aliyeolewa Sanje, alimwambia baba yake pesa za dada zipitie kwenye simu yake. Egidius akakataa katakata. Pesa yake isomwe kwanza na mkwe? Akaendelea na laini ya Merina, namba ya siri ikiwa kichwani.

Asubuhi ile kichwa kilimkimbia. Alikuwa kwa wakala pale Kiberege, Pantaleo amesimama nyuma yake anahema. Mara ya kwanza alibonyeza vibaya. Mara ya pili alichanganya tarakimu mbili. Mara ya tatu alibonyeza kwa hasira, na simu ikamjulisha kwamba huduma ya pesa imefungwa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka akiwa na haraka?

Akapanda bodaboda na Dorika, aliyekuwa amekuja kuwa shahidi wa mauziano, mpaka Ifakara mjini kwenye duka la kampuni ya simu. Dorika alisubiri nje. Ndani, mhudumu aliyeitwa Ursula, msichana mpole, aliitazama namba kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo babu. Laini hii ni ya Merina. Ni nani wako?"

"Marahaba. Mke wangu."

"Basi aje mwenyewe na kitambulisho. Au apige huduma kwa wateja kwa laini hiyo hiyo. Wakimhoji na kuridhika, wanafungua papo hapo."

"Hayupo," alisema Egidius.

Ursula alidhani amesafiri, akamwambia akirudi waje wote. Egidius alitoka nje. Neno lenyewe halikuwa uongo, lakini yeye ni katibu wa jumuiya kanisani, na alijua vizuri alichokificha nyuma yake.

Dorika alisikiliza habari yote, kisha akanyoosha mkono kuomba simu.

"Nitaongea mimi."

"Utaongeaje?"

"Kama mama."

"Mwanangu, mama yako tumemzika."

"Najua, baba, nilikuwepo. Lakini shamba bado halijazikwa."

Ilikuwa saa nane na nusu. Egidius alifikiria benchi la ofisi ya kijiji na ule mkoba. Alimfikiria Levina na viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na watoto wanajua ukimya wa mzazi maana yake nini. Walikaa pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi, juu ya mifuko ya saruji. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa siku nyingi, hivyo Dorika akafungua sauti ya nje. Muziki ulipigwa, ukapigwa, na Egidius akahesabu dakika kwa jasho. Hatimaye akaja kijana mwenye sauti ya adabu.

"Naongea na nani?"

"Naitwa Merina, mwanangu."

Egidius alisisimka mwili mzima. Dorika alikuwa ameishusha sauti, anavuta miisho ya maneno kama wanawake wa Mahenge, na huyo alikuwa Merina kabisa, Merina wa kumwita mtu chakula kinapoa. Kwa miezi mingi alikuwa hajaisikia sauti ile. Alitamani iendelee na alitamani ikome.

Kijana aliuliza pesa ya mwisho iliingia lini, ikatoka wapi. Dorika alijibu sawasawa. Akauliza mwaka wa kuzaliwa. Dorika akakwama.

"Sitini na tisa," alinong'ona Egidius.

"Elfu moja mia tisa sitini na tisa," alisema Dorika.

Kijana akauliza, "Mama, nasikia kuna mtu anakusaidia kujibu. Ni nani?"

Dorika alimtazama baba yake. Akisema jirani, simu itakatwa. Akisema mtoto, sauti iliyonong'ona ilikuwa ya mzee. Akainamisha uso.

"Ni mume wangu."

Mjukuu wa kike akimwita babu yake mume wangu, watu hucheka na babu hutafuta hela ya pipi. Ni utani wetu wa kila siku. Binti wa kuzaa halitamki neno hilo kwa baba yake, hata kwa mzaha, hata akilewa. Dorika alikuwa anakwangua mfuko wa saruji kwa ukucha, na Egidius aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

"Sawa mama. Basi mzee anithibitishie tu, nikufungulie. Baba, shikamoo. Wewe ni mume wa huyu mama ninayeongea naye?"

Dorika alimsogezea simu bila kuinua macho. Neno moja tu lilitakiwa. Saa ya ukutani dukani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi, na kwa bodaboda wangefika Kiberege kabla ya saa kumi. Egidius akaishika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Huyu unayeongea naye ni binti yangu. Mke wangu Merina amefariki. Tulimzika mwaka juzi."

Kijana akatoa pole, na ilisikika kuwa pole ya kweli. Kisha akaeleza kwamba analazimika kuifunga laini kabisa, na pesa ataifuata msimamizi wa mirathi akiwa na barua ya mahakama. Dorika hakumlaumu baba yake. Alijifunika khanga usoni akalia.

Saa kumi na robo Pantaleo alipiga kwenye simu ya Dorika. Aliuliza mara moja, akajibiwa mara moja. "Basi, ndugu yangu," alisema, na shamba likawa la mtu wa Kidatu.

Jioni Egidius alimpigia Levina kwa simu ya Dorika, akamsimulia yote bila kujitetea.

"Neno moja, baba," Levina alisema. "Ulishindwa neno moja?"

"Nilishindwa."

"Miaka mitano nimesimama mbele ya ubao kwa ajili ya shamba lile."

"Najua, mwanangu. Pesa haijapotea, itatoka kwa mirathi. Shamba ndilo nililolipoteza, nami nakuomba radhi."

Levina akauliza jingine.

"Laini wameifunga kabisa?"

"Kabisa. Lakini pesa..."

"Sisemi pesa, baba. Kila nikituma, kabla haijaenda, linatokea jina la mama, naulizwa kama ni yeye. Nabonyeza ndiyo. Kila mwezi tangu tumzike, nabonyeza ndiyo."

Egidius alimsikia binti yake akilia, naye akakaa chini kwenye kizingiti akalia pamoja naye mpaka salio likaisha.